Tembo wa Ruaha na Maji ya Milima Yetu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya tembo, ambaye wengine humwita ndovu. Tena ni juu ya maji. Huenda msomaji akastaajabu akiona mambo haya mawili yamefungwa katika mzigo mmoja. Lakini mtu akienda kushinda siku moja katika Hifadhi ya Ruaha, upande wa Iringa, ataona kwa macho yake ya kuwa habari ya tembo haielezeki pasipo kueleza habari ya maji, wala habari ya maji yale haielezeki pasipo kuitaja milima yetu hii. Kwa hiyo twawaomba wasomaji, hasa ninyi mlio shuleni, mfuatane nasi tangu Tukuyu mpaka huko, mkiitazama mito ya njiani kabla ya kumtazama mnyama mwenyewe.

Sisi wakazi wa Rungwe tumezoea mvua. Mawingu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, yakagonga Mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia meta 2,960 juu ya usawa wa bahari, nayo humwaga maji yake juu ya migomba na chai yetu. Mito yetu, Kiwira na Mbaka na Lufilyo, hutelemka kwenda ziwani mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa Tukuyu huwa vigumu kwake kufikiri kwamba mto waweza kufa, kwa sababu hajapata kuona mto uliokufa.

Basi mtu akitoka Tukuyu kwa motokaa kuelekea Mbeya, hupanda mpaka juu katika milima ya Uporoto, mahali penye baridi na mashamba ya viazi. Hapo pana mpaka usioonekana kwa macho. Mvua inyeshayo upande wa kusini wa milima hiyo hushuka Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, ikaingia Zambezi, na mwisho wake ni baharini katika nchi ya Msumbiji. Lakini mvua nyingi inyeshayo upande wa kaskazini na mashariki hushuka katika bonde la Usangu, ikaingia Mto Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na mwisho wake ni baharini mbele ya kisiwa cha Mafia. Matone mawili ya wingu moja yaweza kuanguka karibu karibu, nayo yasikutane tena mpaka Bahari ya Hindi. Tone la kwanza hunywewa na viboko wa Nyasa. Tone la pili hunywewa na tembo wa Ruaha, kama limesalia.

Tukisha kupita Uyole twageuka kuelekea mashariki, na njia yatelemka polepole mpaka Usangu. Hapo nchi ni tambarare, na joto ni jingi kuliko kwetu. Wanafunzi waliofuatana na mwalimu wao katika safari ya namna hii wangefaa kuandika majina ya madaraja katika daftari zao: Chimala, kisha Ruaha Mkuu wenyewe ungali mdogo, kisha Kimani, kisha Mbarali penye Igawa. Mito hii yote yatoka katika milima iliyo upande wa kuume wa msafiri, yaani Uporoto na Kipengere, nayo yote yaelekea upande wa kushoto, katika mbuga za Usangu. Kando ya njia twaona majaruba ya mpunga na mifereji iliyochimbwa kuyanywesha. Mchele wa Mbarali wasifiwa nchi nzima, nao hulisha watu wengi. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia mbele.

Kutoka Igawa njia hupanda tena mpaka Makambako na Mafinga, kisha Iringa, mji wa Wahehe na wa Mtwa Mkwawa. Tangu Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilometa 300, kwa hiyo msafiri hulala mjini. Kesho yake huamka alfajiri, akashika njia ya magharibi ipitayo Idodi na Tungamalenga. Kutoka Iringa mpaka Msembe, penye makao makuu ya hifadhi, ni karibu kilometa 130.

Kabla hatujaingia, yafaa tueleze neno hili "hifadhi", maana wengine hudhani ni kama zizi kubwa, na tembo wamefungwa ndani. Sivyo. Ziko mahali ambapo tembo hufugwa kwa muda, mathalan Nairobi, ambako Daphne Sheldrick alianzisha mwaka 1977 kazi ambayo mpaka leo hupokea ndama waliofiwa na mama zao. Mama yule alihangaika miaka mingi akitafuta maziwa yafaayo, kwa sababu ndama wa tembo hawezi kuishi kwa maziwa ya ng'ombe. Mwisho akafaulu kwa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Ndama wakikua hurudishwa porini huko Tsavo. Lakini Ruaha si hivyo. Ruaha haina ukuta wala ua. Tembo huingia na kutoka kama walivyofanya babu zao, na kazi ya walinzi ni kuwazuia watu wabaya, si kuwazuia wanyama.

Nchi hii ilianza kulindwa zamani. Wadachi waliitenga sehemu yake mwaka 1910 kuwa pori la wanyama. Waingereza wakaanzisha Pori la Rungwa mwaka 1946. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, sehemu ya kusini ya pori hilo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 pori la Usangu pamoja na ziwa la matete liitwalo Ihefu likaunganishwa nayo, hata eneo lote likafika kilometa za mraba 20,226. Wakati ule hapakuwa na hifadhi ya taifa iliyoizidi kwa ukubwa katika nchi yetu.

Sasa tuingie. Mwezi wa Septemba nchi yote imekuwa rangi ya majivu. Nyasi zimelala, miti imepukutika, na mibuyu imesimama uchi kama wazee wasio na nguo. Jambo la kwanza kuliona si tembo bali ni nyayo zake. Wayo wa tembo ni mviringo kama ungo, nao una mistari midogo midogo kama kiganja cha mkono. Twashangaa kwamba mnyama mwenye uzito wa gari la mizigo aweza kupita karibu pasipo kusikika. Sababu yake ni hii: ndani ya wayo, nyuma ya vidole, mna mto wa mafuta na nyama laini, ambao hubonyea akikanyaga na kuinuka akiondoa mguu. Ni kana kwamba amevaa viatu vya sufi.

Kisha, kwenye ukingo wa mto, twawaona wenyewe. Mbele yuko jike mkongwe, mifupa ya kipaji chake imetokeza, masikio yake yamechanika pembeni. Nyuma yake wako majike wengine wanne, na vijana, na ndama wawili. Hamna dume mkubwa kati yao. Hii ndiyo desturi ya tembo: jamaa ni ya mama, dada, mabinti na watoto wao, nao humfuata jike aliye mkubwa kwa umri. Dume akifika umri wa kubalehe huiacha jamaa ile, akaenda kukaa peke yake au pamoja na madume wenzake, akirudi kwa majike wakati wa kutafuta mke. Mambo haya hayakujulikana vema mpaka watu walipokaa miaka mingi wakiwatazama tembo pasipo bunduki. Iain Douglas-Hamilton alianza kazi hiyo katika nchi yetu, penye Ziwa Manyara, mwaka 1965. Aliwatambua tembo mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao, kama mwalimu awatambuavyo watoto wa darasa lake.

Tutazame mkonga. Mkonga ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana, wala hauna mfupa hata mmoja. Wote ni misuli. Kwa huo tembo huvunja tawi kubwa, na kwa huo huo huokota tunda moja lililoanguka mchangani. Hanywi kwa mkonga kama watu wengi wadhanivyo. Huvuta maji mpaka katikati ya mkonga, kisha huyamimina kinywani. Ndama hajui kazi hiyo anapozaliwa. Mkonga wake huning'inia tu, hata mwenyewe aukanyaga, naye hunywa maji kwa kupiga magoti na kutia kinywa mtoni. Huchukua miezi kadha kujifunza. Wazee wetu walisema, ndovu hashindwi na mkonga wake. Lakini yatupasa kuongeza kwamba hata ndovu alifundishwa kwanza.

Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na aghalabu jike huzaa ndama mmoja tu, kisha hupita miaka mitatu au minne au zaidi kabla hajazaa tena. Kwa siku moja tembo mzima aweza kula kilo 150 za majani, magome na mizizi, na kunywa maji lita 100 au hata 200. Meno yake ya kutafunia hayatoki kama yetu kwa kusukumwa toka chini, bali husogea kutoka nyuma kwenda mbele. Jino likisha kulika huanguka vipande vipande, na jingine hushika mahali pake. Hupata zamu sita tu katika maisha yake. Zamu ya sita ikiisha, yapata umri wa miaka sitini, hawezi tena kutafuna, naye hudhoofika hata kufa.

Jua linapokuwa kali jamaa ile yasimama chini ya kivuli, na masikio yapepea polepole. Hiyo si kazi ya kufukuza mainzi peke yake. Nyuma ya sikio ngozi ni nyembamba, na mishipa ya damu ni mingi. Damu ya moto hupita pale ikapoa, kisha hurudi mwilini. Kadhalika hujipaka matope, maana ngozi nene kama ile yaweza kuungua na jua na kuumwa na wadudu.

Lakini jambo la kuzingatiwa kuliko yote twaliona penye Mwagusi. Mwagusi ni kijito cha mchanga ambacho kwa asili yake hukauka kila kiangazi. Sisi tungekipita tukisema hakina maji. Jike mkongwe hasemi hivyo. Anatembea juu ya mchanga akinusa, anasimama, anapiga kwa mguu wa mbele, kisha anachimba kwa mguu na mkonga mpaka shimo linakuwa na kina cha mkono wa mtu au zaidi. Anangoja. Maji yanachuruzika kutoka chini, kwanza machafu. Anayavuta na kuyatupa. Kisha yanakuja meupe safi, naye anakunywa, na ndama wanakuja baada yake. Tembo wakiondoka, shimo lile hunywewa na nyani, na tandala, na kanga, na nyuki. Wanyama wadogo hawana nguvu ya kuchimba kiasi kile. Kwa hiyo tembo ni mchimba visima wa nchi kavu, na wengi huishi kwa kazi yake.

Je, yule mkongwe alijuaje mahali pa kuchimba? Alionyeshwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Jambo hili lilionekana wazi huko Tarangire, kaskazini mwa nchi yetu, wakati wa ukame mkali wa mwaka 1993. Wataalamu walikuwa wakichunguza ndama 81, na katika muda wa miezi tisa ndama 16 walikufa. Lakini hawakufa sawasawa katika makundi yote. Makundi yaliyotoka hifadhini kwenda mbali kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache. Kundi lililobaki pale pale lilipoteza wengi. Tena ndama wa mama wenye umri mkubwa waliokoka zaidi. Wataalamu wakakumbuka kwamba ulikuwapo ukame mwingine mkubwa tangu 1958 mpaka 1961. Majike wakongwe waliokuwa hai wakati ule yamkini waliikumbuka njia waliyopitishwa wakiwa wadogo. Na lile kundi lililobaki lilikuwa limekwisha kupoteza wakongwe wake kwa majangili katika miaka ya 1970 na 1980.

Hapa ndipo twafika kwenye shauri la pembe. Jangili hamtafuti tembo yeyote tu. Humtafuta mwenye pembe kubwa. Na kwa kuwa pembe hukua maisha yote, mwenye pembe kubwa ndiye aliye mzee. Basi risasi moja haiui mnyama mmoja tu. Huua na maarifa ya jamaa nzima: njia ya kwenda majini, mahali pa kuchimba, mwezi wa kuhama. Kwetu sisi mzee akifa bila kusimulia, twasikitika kwamba hazina imezikwa. Lakini sisi tuna vitabu. Tembo hana kitabu ila kichwa cha bibi.

Biashara ya pembe ni ya zamani katika nchi hizi. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilichukua pembe kutoka bara mpaka Bagamoyo na Kilwa, kisha zikavushwa Unguja, na kutoka huko zikapelekwa Uhindi, Ulaya na Marekani, kutengenezwa bangili, vishikio vya visu, tufe za kuchezea mezani, na vibao vya piano. Kwa njia hiyo hiyo watu wengi waliuzwa utumwani. Mwaka 1989 Tanzania ilifanya Operesheni Uhai kuwasaka majangili, na mwaka huo huo mataifa yalipatana kuipiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi. Tembo wakaongezeka tena. Lakini baadaye tamaa ilirudi. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kuwa yapata 109,000. Mwaka 2014 walionekana yapata 43,000 tu. Katika nchi ya Ruaha na Rungwa peke yake hesabu ilishuka kutoka yapata 31,600 mwaka 2009 hadi yapata 20,000 mwaka 2013. Kisha Serikali ilikaza ulinzi, wafanyabiashara wakubwa wakashtakiwa na kufungwa, na China ikafunga soko lake la pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Tangu hapo uuaji umepungua sana. Hata hivyo tembo aliyeuawa akiwa na miaka hamsini hawezi kurudishwa kwa miaka mitano. Yahitaji miaka hamsini mingine.

Basi risasi imepungua; lakini kiu imebaki. Turudi kwenye Mto Ruaha Mkuu. Mwagusi kukauka ni desturi yake, bali Ruaha Mkuu haukuwa hivyo. Wazee wa Idodi na Pawaga waliujua kuwa mto utiririkao mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi, mara nyingine kwa majuma mengi. Mtu akisimama ukingoni wakati huo huona mchanga na mawe, na hapa na pale kidimbwi cha maji ya kijani, ambamo viboko wamesongamana, na samaki wanakufa. Tembo huchimba, kama tulivyoona. Lakini si kila mnyama aweza kuchimba, wala si kila mchanga una maji chini yake.

Kwa nini mto umekatika? Hebu tufungue tena daftari lenye majina ya madaraja. Maji ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha yanapofika Usangu huingia kwanza katika mifereji ya mashamba. Masika maji ni mengi, yanatosha wote. Lakini kiangazi, mito ikiwa myembamba, mifereji mingi iliendelea kuyachukua hata wakati mpunga umekwisha kuvunwa, nayo yakapotea njiani na juani. Yanayobaki huingia Ihefu. Ihefu ni kama beseni. Upande wake wa kaskazini, penye mwamba uitwao Ng'iriama, ndipo maji hutokea kwenda hifadhini. Maji ya beseni yakishuka chini ya ule mwamba, hakuna hata tone litokalo. Kwa hiyo mto hufa ghafla, ingawa juu milimani maji bado yanaimba.

Tusidhani ya kuwa hasara hii ni ya tembo tu. Mto ule ule ukitoka hifadhini huenda Mtera, kisha Kidatu, penye mabwawa ya kutengeneza umeme. Miaka iliyopita, maji yalipopungua huko, taa zilizimika Dar es Salaam na mashine zilisimama. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza nia ya kuurudisha mto utiririke mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, jambo lililowatia watu wengi katika taabu, na mwaka 2008, kama tulivyosema, Ihefu ikatiwa katika hifadhi. Lakini mwaka 2010 ulipofika mto bado ulikuwa ukikauka. Twajifunza hapo kwamba mto hautengenezwi kwa kuwaondoa watu wa mahali pamoja, huku maji yakiendelea kupotea mahali pengine. Mto ni mmoja tangu chemchemi mpaka bahari, na kila akaaye kando yake ana sehemu ya deni.

Tena haitupasi kuwasahau jirani za tembo. Ni rahisi kwetu tulio mbali kumsifu mnyama huyu. Mkulima wa Tungamalenga, ambaye shamba lake la mahindi limeliwa usiku mmoja, ana neno jingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hata wasipopigana, wakipita tu, mahindi huumia. Kwa hasara ya mazao Serikali hutoa malipo yaitwayo kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kuuawa hutolewa kifuta machozi. Majina yenyewe yaonyesha kwamba si fidia kamili. Ndiyo maana vijiji vya Idodi na Pawaga viliunganishwa katika jumuiya iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ili wanavijiji walinde wanyama wa ardhi yao na wapate sehemu ya mapato ya wageni.

Ziko na njia za kujikinga pasipo kuua. Tembo humwogopa nyuki, kwa sababu humchoma ndani ya mkonga na kando ya macho. Nchini Kenya, Lucy King alionyesha kwamba mizinga ikitundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya nyuki hutoka, naye hukimbia. Njia hiyo imejaribiwa na katika nchi yetu, na mkulima hupata asali juu ya mahindi yake. Wengine hupaka kamba mafuta machafu yaliyochanganywa na pilipili iliyosagwa, wakazizungusha shambani. Hakuna dawa moja iponyayo kabisa, kwa maana tembo ana akili, naye huzoea; lakini mbili tatu zikitumiwa pamoja hufaa.

Sasa msomaji wa Rungwe atauliza, "Sisi tufanye nini? Kwetu hakuna tembo." Twajibu hivi. Kwanza, atakayeweza na aende akaone. Ada ya kiingilio kwa mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, na shule zikikusanya fedha pamoja zaweza kukodi gari moja. Mwezi wa Juni mpaka Oktoba ndio wakati mzuri, maana wanyama hukusanyika penye maji. Watoto wavae nguo zisizo nyeusi wala za rangi ya samawati, kwa kuwa mbung'o huzipenda rangi hizo. Hifadhini mtu asishuke garini ila mahali palipoonyeshwa, asipige kelele, asimkaribie tembo mwenye ndama. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, anasema, "Imetosha." Hapo dereva na arudi nyuma polepole.

Pili, mtu yeyote akiletewa pembe, hata kipande cha kidani, akatae, akatoe habari. Pasipo mnunuzi hakuna jangili.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu watu wa milimani, tutunze chemchemi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kufanya kazi za kudumu ziwezazo kuharibu maji ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Meta 60 ni kama hatua themanini za mtu mzima. Mwanafunzi aweza kuzipima mwenyewe. Penye chemchemi tusipande mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi, bali tuiache miti ya asili. Tusichome moto vilele vya Uporoto kila kiangazi, kwa maana nyasi na msitu ndivyo sifongo inayoshika mvua ya Machi ili iitoe Septemba. Na mkulima wa bondeni afunge mfereji wake akisha kuvuna, maji yaendelee na safari yao.

Haya si mambo ya kuwafaa wanyama wa mbali tu. Chemchemi ile ile imnyweshayo tembo wa Ruaha humnywesha kwanza mtoto wa Uporoto, kisha mkulima wa Chimala, kisha mvuvi wa Mtera. Tembo yuko karibu na mwisho wa foleni, wala hana mdomo wa kudai zamu yake. Akiyakuta maji mtoni mwezi wa Septemba, hiyo ndiyo alama kwamba sisi sote tuliomtangulia tumekunywa kwa kiasi.